Maoni Yetu: Pimeni moshi kwanza, mafuta ya mimea baadaye

Kila bei ya dizeli inapopanda, hakosekani mtu wa kulifufua wazo la mafuta ya mimea. Utasikia kwamba Tanzania ina ardhi, ina jua, ina miwa, ina mbono, ina michikichi Kigoma, basi kwa nini tuendelee kumwaga dola nje kwa kitu tunachoweza kupanda wenyewe? Hoja ya dola tuwaachie wachumi kwa leo. Tunachotaka kukijadili ni nyongeza ambayo siku hizi huambatana na wazo hilo: kwamba mafuta ya mimea yataisafisha hewa ya Dar es Salaam. Nyongeza hiyo ina ukweli ndani yake. Ila ukweli wenyewe ni mdogo kuliko sauti inayoutangaza, na mkazi wa Mbagala au wa Tegeta ana haki ya kuambiwa ni mdogo kiasi gani.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Mafuta ya mimea hupunguza masizi ya dizeli, lakini hayayamalizi. Na kwa magari tuliyonayo, yanayobeba abiria kutoka pembezoni kwenda mjini na kurudi, fundi mzuri wa nozeli atapunguza moshi mwingi kuliko shamba lolote la mbono. Serikali ikiwa na fedha ya kutumia kwa ajili ya mapafu ya watu, ianze na mashine ya kupima moshi.

Simama asubuhi Mbagala Rangi Tatu, wakati watu wanagombea usafiri. Coaster imejaa mpaka mlangoni, konda anagonga bati, dereva anakanyaga mafuta. Ekzosi inatema wingu jeusi linalokwenda moja kwa moja kwenye meza ya mama anayeuza chai na chapati. Mama anafunika hotpoti kwa ncha ya kanga bila hata kugeuka, kama mtu anayefukuza nzi. Wanafunzi waliosimama nyuma ya gari wanaziba pua kwa kola za mashati, na mtoto wa darasa la pili urefu wake ndio urefu wa ekzosi. Nenda upande wa pili wa jiji, Barabara ya Bagamoyo, utakuta Fuso za mchanga na kokoto zikitoka Bunju na Boko, na malori ya saruji yakishuka Wazo, yanafanya yaleyale. Tofauti ni kwamba huko moshi huchanganyika na vumbi la barabara za mitaa zisizo na lami, kiasi kwamba hujui ukohoe kwa kipi.

Wingu jeusi ndilo tunalolalamikia kwa sababu tunaliona. Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana. Ndani ya moshi wa dizeli kuna chembe zenye upana chini ya mikromita 2.5, unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko chembe hiyo mara 25 au zaidi. Chembe za namna hiyo hazikwami puani wala kooni. Hushuka hadi kwenye vifuko vya mapafu, na nyingine hupenya kuingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliteremsha kiwango cha chembe hizo kinachoshauriwa kisivukwe hadi mikrogramu 5 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa mwaka. Kabla ya hapo, Juni 2012, taasisi ya shirika hilo inayochunguza saratani ilikuwa imeuweka moshi wa injini za dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na sigara. Trafiki wa pale njia panda na muuza maji wa foleni wanaufahamu moshi huu kwa karibu kuliko mtaalamu yeyote, ingawa hawajawahi kusomewa ripoti hiyo.

Sasa mafuta ya mimea yanabadili nini? Dizeli ya kawaida haina oksijeni ndani yake. Hutegemea hewa inayovutwa na injini. Pale tone la dizeli linapokosa hewa ya kutosha, kaboni hubaki bila kuungua, na hiyo ndiyo masizi. Dizeli ya mimea hutengenezwa kwa kuchanganya mafuta ya mbegu na methanoli pamoja na kostiki soda ileile wanayoijua watengeneza sabuni. Kitu kinachopatikana kina oksijeni yake mwenyewe, karibu asilimia 11 ya uzito wake. Kwa hiyo huungua vizuri zaidi hata pale hewa inapopungua. Pia hakina salfa ya kutajika, na hakina hidrokaboni za jamii ya benzini ambazo ndizo mbegu ya masizi mengi.

Takwimu zinazonukuliwa zaidi ni za Shirika la Mazingira la Marekani, ambalo mwaka 2002 lilikusanya vipimo vingi vya injini za magari makubwa. Injini hizo zote ni za kabla ya mwaka 2000, hivyo kwetu si vitu vya makumbusho. Ni ndugu za zile zinazopanda Barabara ya Kilwa leo. Ukitumia dizeli ya mimea tupu, chembe za moshi hupungua kwa karibu nusu, na monoksidi ya kaboni vivyo hivyo. Lakini hakuna nchi inayojaza mafuta tupu ya mimea kwenye magari yake yote. Kinachouzwa ni mchanganyiko, na mchanganyiko wa sehemu 20 za mimea kwa 80 za dizeli ulipunguza chembe kwa asilimia 10 tu. Monoksidi ya kaboni ilipungua kwa asilimia 11, na mvuke wa mafuta yasiyoungua kwa asilimia 21.

Asilimia kumi. Ndiyo, ni bora kuliko sifuri. Lakini mama wa chapati pale Rangi Tatu ataendelea kufunika hotpoti yake.

Kisha kuna kitu kinachoongezeka, na hiki wauzaji wa wazo hukipita haraka. Oksidi za naitrojeni ziliongezeka kwa takriban asilimia 2 kwenye mchanganyiko, na karibu asilimia 10 kwenye mafuta tupu. Gesi hizi huwasha mapafu ya wenye pumu, na zikikutana na jua kali pamoja na mvuke wa mafuta hutengeneza ozoni ya chini, ambayo ni sumu kwa anayeivuta. Jua kali hatujawahi kupungukiwa.

Upande wa petroli, mbadala ni ethanoli ya miwa, na shule kubwa kuliko zote ni Brazil, iliyoanza mpango wake wa pombe ya magari mwaka 1975. Jijini São Paulo magari mengi yanaweza kutumia petroli au ethanoli, dereva anachagua kwa kuangalia bei. Bei zilipoyumba kati ya 2009 na 2011, mamia ya maelfu ya madereva walihama kutoka ethanoli kwenda petroli, na watafiti wakapata jaribio ambalo hakuna maabara ingeweza kulifanya. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba watu walipotumia petroli zaidi, ozoni ilishuka kwa karibu asilimia 20. Mashabiki wa ethanoli walinyamaza. Lakini mwaka 2017 watafiti hao walirudi na kipimo kingine: petroli ilipoongezeka, chembe ndogo sana kupita zote ziliongezeka kwa kiasi cha theluthi moja. Mashabiki wa petroli nao wakanyamaza. Ethanoli ilikuwa safi kwa kipimo kimoja na chafu kwa kingine, katika jiji lilelile na angani palepale. Atakayekuja hapa na kusema mafuta yake ni “safi” aulizwe kwanza: safi kwa kipimo kipi?

Mkanganyiko mwingi hutokana na kuchanganya hesabu mbili. Ya kwanza ni hesabu ya kaboni: mmea ulivuta hewa ya ukaa ulipokuwa shambani, ukichomwa unairudisha, kwa hiyo dunia haikuongezewa joto kwa kiasi kilekile. Hesabu hiyo ina uzito wake, ingawa inaharibika haraka ukikata msitu ili upande mmea huo. Ya pili ni hesabu ya mapafu: ni nini kinachotoka kwenye ekzosi, mtaa gani, saa ngapi, nani yuko jirani. Mtu anaweza kushinda hesabu ya kwanza na kushindwa ya pili. Mapafu ya mtoto wa Yombo hayatofautishi kaboni ya mbono na kaboni ya Ghuba.

Na tusijifanye wageni wa habari hii. Kisarawe iko mlangoni mwa Dar es Salaam, na ni huko ambako kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, mwaka 2009 ilipewa zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji 11 ili kupanda mbono. Mwaka 2011 shughuli zilisimama. Wanavijiji walibaki hawana ardhi, vibarua hawana ajira, na mafuta yaliyoahidiwa hayakuonekana kituoni. Kilwa, kampuni ya Kiholanzi ya BioShape iliyokuwa imepata hekta 34,000 ilifilisika. Bagamoyo, Waswidi wa SEKAB walikuja na ethanoli ya miwa, wakajiondoa 2009, na mradi uliorithi eneo lao ukafutwa na serikali mwaka 2016. Serikali ilikuwa imetoa mwongozo wa nishati mimea mwaka 2010, farasi wakiwa wamekwisha kutoka zizini. Kwa hiyo mtu wa Kisarawe akikunja uso akisikia neno mbono, tumwelewe.

Soko nalo lina mwelekeo wake. Mwaka 2022 kampuni ya Eni ilianza kusafirisha mafuta ya mbegu yaliyokamuliwa Makueni, Kenya, kwenda kwenye kiwanda chake cha Gela, Italia. Hatuwalaumu wakulima, wanauza kwa anayelipa. Ila ndivyo mambo yatakavyokuwa hata kwetu. Litakalokamuliwa vizuri litapanda meli kwenda kwa mnunuzi mwenye sheria inayomlazimisha kununua, na pampu ya Chamazi itabaki na dizeli ya kila siku.

Hiyo dizeli ya kila siku, kwa bahati, si ileile ya zamani. Hapa kuna mafanikio ambayo hayakupigiwa ngoma. Mwanzoni mwa 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imekwisha kuondoka katika nchi zote za kusini mwa Sahara. Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500. Hakuna aliyepoteza shamba kwa ajili ya hatua hizo. Zilihitaji kiwango kwenye karatasi, mizigo ya pamoja inayopimwa bandarini, na mamlaka yenye meno.

Meno hayo yalihitajika kweli. Wasomaji wanakumbuka enzi za uchakachuaji, mafuta ya taa yalipokuwa bei poa na watu wakiyamimina kwenye dizeli kisima kwa kisima. Mafuta ya taa hayana utelezi wa kutosha, kwa hiyo husaga pampu na nozeli, na nozeli iliyosagika haipulizi ukungu tena, inadondosha matone. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa hadi faida ya mchezo ule ikakatika. Wenye nyumba zisizo na umeme waliumia kwa bei hiyo, na hilo lisisahaulike. Lakini injini zilipumua.

Kwa haki, kuna jambo moja ambalo mafuta ya mimea yanalifanya vizuri hapa. Dizeli iliyoondolewa salfa hupungukiwa utelezi, na kiasi cha asilimia moja au mbili tu cha dizeli ya mimea huurudisha. Mtu akija na pendekezo la namna hiyo, dogo na linalopimika, tutamsikiliza.

Twende sasa kwa fundi, kwa sababu ndiko moshi unakoanzia. Ingia gereji yoyote ya Tandika uulize kwa nini Coaster inatoa moshi mweusi. Hutaambiwa habari za mbono. Utaambiwa nozeli zimechoka, chujio la hewa limejaa vumbi la Buza, pampu imefunguliwa skrubu ili gari “livute”, au mzigo umezidi. Moshi ukiwa wa bluu, ringi zimeisha na injini inakula oili. Fundi atatoa nozeli, ataifunga kwenye mashine ya mkono, atasukuma mpini mara mbili, na utaona mwenyewe: nzuri inatoa ukungu mwembamba kama dawa ya mbu, mbovu inakojoa. Tone kubwa haliwahi kuungua kabla mlango wa ekzosi haujafunguka. Ukiweka mafuta ya mimea kwenye nozeli hiyo inayokojoa, itakojoa mafuta ya mimea. Tena ukiweka mafuta mabichi ya mbegu, ambayo hayajapitishwa kwenye methanoli, mnato wake ni zaidi ya mara kumi ya ule wa dizeli. Yatagandisha masizi kwenye ncha ya nozeli na moshi utaongezeka.

Kwa nini basi nozeli hazitengenezwi? Kwa sababu ya hesabu. Dereva wa daladala anaamka akidaiwa hesabu ya tajiri. Mafuta juu yake, faini juu yake, kinachobaki ndicho chake na konda. Tajiri anasubiri hesabu jioni, haoni moshi, kwa sababu moshi unabaki Mbagala na yeye huenda hakai Mbagala. Gari likiwa linatembea, hakuna mwenye sababu ya kulisimamisha siku nzima kwa ajili ya nozeli nne. Anayelipa gharama ya nozeli hizo ni mama wa chapati, na yeye hana kiti kwenye mazungumzo. Pengo hili ndilo sheria inapaswa kuliziba, na aina ya mafuta haiwezi kuliziba.

Jirani zetu wamekwisha kuanza. Mwaka 2025 Rwanda iliweka upimaji wa lazima wa moshi wa magari chini ya mamlaka yake ya mazingira, REMA. Kifaa chenyewe hakina uchawi. Ni bomba linalochomekwa kwenye ekzosi, dereva anakanyaga mafuta mara kadhaa, mwanga wa taa unapita kwenye moshi na namba inajitokeza kuonyesha ni kiasi gani cha mwanga kimezuiwa. Namba hiyo haijui tajiri ni nani. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, kwa kuwa ukimwachia askari apime moshi kwa macho kando ya barabara, sote tunajua mazungumzo ya kando ya barabara huishia wapi.

Tunapendekeza LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iunganishe leseni ya njia na cheti cha moshi. Gari likishindwa, lipewe siku 30 na karatasi inayosema ubovu uko wapi, si faini ya papo hapo. Faini itamlipisha dereva, wakati nozeli inapaswa kumlipisha mwenye gari. LATRA ianzie kwa magari ya abiria na malori ya mchanga, yale yanayozunguka kutwa nzima katika mitaa ileile. Katika majiji mengi ambako moshi umepimwa kwa dhati, magari machache mabovu yamekutwa yakitoa sehemu kubwa ya uchafu, kwa hiyo hatuna haja ya kumsumbua kila mwenye IST.

Gesi asilia nayo ipewe nafasi kabla ya mbono. Tunayo, inatoka Songo Songo tangu 2004, masizi yake ni kidogo mno, na madereva wa bajaji wameipenda bila kuhubiriwa kwa sababu ni nafuu. Kinachowakwaza ni foleni ya kujaza.

Kama lazima tuwe na dizeli ya mimea, basi itoke mahali ambapo haimgombanishi mtu na shamba lake. Dar es Salaam ina vibanda vya chipsi visivyohesabika, na kila kimoja kina karai la mafuta yaliyorudiwa hadi yakawa rangi ya kahawa. Leo mafuta hayo humwagwa mtaroni, au huongezewa mapya juu ya makuukuu na kazi ikaendelea, jambo ambalo tumbo la mteja linalijua. Halmashauri ikiyanunua, hata kwa bei ndogo, itaondoa sumu kwenye sahani na kupata malighafi ambayo ikichujwa na kupikwa vizuri inakuwa dizeli halali. Hayatatosha jiji la watu 5,383,728, kwa hesabu ya sensa ya 2022. Yanaweza kusaidia magari machache yenye karakana moja na msimamizi mmoja, ambako chujio litabadilishwa kwa wakati. Dizeli ya mimea huosha uchafu wa zamani kwenye tangi na kuupeleka kwenye chujio, na dereva asiyeambiwa hivyo atazimikiwa katikati ya daraja.

Magari ya namna hiyo yapo. Ni ya taka, ya manispaa za Temeke na Kinondoni, yanayopita mitaani asubuhi yakiacha nyuma harufu mbili, ya taka na ya moshi. Siku kipima moshi kitakapofika, gari la kwanza kuchomekwa bomba liwe mojawapo ya hayo, na namba itakayosomeka ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya halmashauri kabla hajaitwa mwenye daladala hata mmoja.